Chumba cha kungojea: shajara ya mradi wa uhalisia pepe kuhusu usonji

Januari, mwanzo

Waraka wa kazi una sentensi moja yenye uzito: tutengeneze tukio la uhalisia pepe (unavaa miwani yenye kioo cha picha na hedifoni, unajiona uko mahali pengine) la dakika chache "litakalomfanya mtazamaji ahisi kuwa na usonji", yaani autism. Watakaolitumia kwanza ni wahudumu wa mapokezi, walimu na walinzi, umma utafuata. Fedha ipo, miwani ipo, mchoraji wa 3D yupo. Ninachokitilia shaka ni hiyo sentensi, na ndiyo maana naandika shajara badala ya kutegemea taarifa za kila mwezi, ambazo kwa kawaida hazina safu ya shaka.

Njia yenyewe si ngeni. Mwaka 2016 shirika la National Autistic Society la Uingereza lilitoa video ya nyuzi 360 inayomweka mtazamaji ndani ya jengo la maduka, katika nafasi ya mtoto mwenye usonji: taa kali, sauti zinazorundikana, mpaka mtoto anazidiwa. Ilisambaa sana. Nchini Japani, Yukie Nagai na wenzake walitengeneza miwani inayobadilisha kile kamera inachokiona ili kikaribiane na maelezo ya watu wazima wenye usonji: mwanga uliozidi, ukungu, chembechembe zinazocheza mbele ya macho. Na tangu mtengeneza filamu Chris Milk aiite teknolojia hii mashine ya huruma mwaka 2015, maombi mengi ya fedha ya aina yetu yamebeba ahadi ileile: vaa, utaelewa.

Kinachonipa wasiwasi ni utafiti kuhusu uigaji wa ulemavu kwa jumla, hata ule usiogusa kompyuta. Arielle Silverman na wenzake waliwafanya watu waigize upofu kwa muda mfupi, kisha wakawauliza kuhusu vipofu. Waliojaribu waliwaona vipofu kuwa na uwezo mdogo wa kufanya kazi na kujitegemea kuliko wale ambao hawakujaribu walivyowaona. Mwaka 2017 Michelle Nario-Redmond na wenzake walipata jambo la kufanana katika ulemavu wa aina kadhaa: washiriki walitoka na huruma zaidi, lakini pia na aibu, hofu na hisia ya kutojiweza, na utayari wao wa kuchangamana na wenye ulemavu haukupanda.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kweli. Ila aliyelala usiku mmoja anajua kuumwa tu. Hajui mwenye kitanda amejifunza kulala upande gani.

Januari, kikao cha kwanza na washauri

Tumeajiri washauri wenye usonji, watu wazima wote, na tunawalipa kwa saa kiwango kilekile cha mwandika programu. Mhasibu aliuliza kwa nini wasipewe posho ya ushiriki kama wajaza dodoso. Nilimjibu kwamba wao ndio wanaojua mashine hii inatakiwa kufanya nini. Mmoja ni mtunza nyaraka, mmoja mwanafunzi wa chuo, na mmoja haongei kwa mdomo. Anaandika kwenye kibao, kibao kinasoma.

Tulifika na rasimu ya jengo la maduka. Mtunza nyaraka aliikataa papo hapo. "Dukani nikizidiwa naacha kikapu natoka. Hakuna anayenidai maelezo. Kwenye foleni ya huduma nikitoka, namba yangu inapita." Basi mandhari ikawa chumba cha kungojea huduma: viti vilivyoungana, spika inayoita namba, televisheni ukutani, mashine ya kukaushia mikono nyuma ya mlango mwembamba wa choo, taa za tyubu juu.

Mwenye kibao alisoma rasimu yote, akaandika kwa muda mrefu, kisha kibao kikasema kwa sauti yake ile tambarare: "Mateso yameandikwa vizuri. Mimi simo."

Tulimwomba atueleze angekuwamo vipi. Akasema kwamba katika chumba cha namna hiyo yeye yuko kazini muda wote. Anachagua kiti cha pembeni ili upande mmoja awe na ukuta. Anahesabu vigae. Anasugua mshono wa suruali kwa kidole gumba. Amegundua kwamba spika za namna hiyo hutoa mkwaruzo mdogo kabla ya kila tangazo, na mkwaruzo huo humpa nafasi ya kujiandaa. Rasimu yetu haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Ilikuwa na mtu anayepigwa na sauti tu, basi.

Tumetoka na muundo wa sehemu tatu. Ya kwanza, mtazamaji anangoja kwenye chumba jinsi kilivyo. Ya pili, mtu yuleyule, chumba kilekile, lakini chumba kimerekebishwa. Ya tatu, mtazamaji yuko upande wa pili wa kaunta, anahudumia. Na ile sentensi ya waraka nimeipeleka ibadilishwe: mtazamaji aone chumba, na watu waliomo, vinamfanyia nini mtu mwenye usonji. Kuhisi usonji kwa dakika chache hatuwezi kumpa, na hatutamwahidi.

Februari, taa

Taa zimekula muda kuliko kitu kingine chochote, na inafaa nieleze kwa nini.

Taa ya tyubu yenye choki (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa) ya zamani humetameta mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme: mara 100 kwa sekunde penye umeme wa hezi 50, mara 120 penye hezi 60. Wengi hatuoni kitu. Mwanafunzi wetu anasema yeye hupata kama mtetemo pembeni mwa jicho, na baada ya nusu saa kichwa kinamgonga. (Choki za kielektroniki huendesha taa kwa mizunguko zaidi ya 20,000 kwa sekunde, na hapo hakuna mtu anayeona kumetameta kwa namna hii.) Mchoraji wetu alitaka kuigiza mmeto huo kama ulivyo.

Haiwezekani, na si kwa sababu ya uvivu. Kioo cha miwani tuliyonayo huchora picha mara 72 au 90 kwa sekunde, kutegemea mpangilio. Ukikiagiza kionyeshe kitu kinachometa mara 100 huku chenyewe kinachora mara 90, kinachomfikia mtazamaji ni mdundo wa uongo: mara 10 kwa sekunde, kwa jicho la mtu yeyote. Kwenye 72 unakuwa mara 28. Mdundo wa mara 3 hadi 30 kwa sekunde ndio ule unaoweza kuamsha kifafa kwa wanaoathiriwa na mwanga, na miongozo ya kimataifa ya maudhui ya wavuti inakataza mmweko unaozidi mara 3 kwa sekunde. Kifafa chenyewe kinapatikana zaidi miongoni mwa watu wenye usonji kuliko kwa watu wengine, na miongoni mwa watazamaji wetu hatuwezi kujua nani anacho. Kwa hiyo hakuna taa itakayometa, hata kidogo, hata "kwa msisitizo" kama ilivyopendekezwa.

Tulichofanya ni kumrudia mwanafunzi na kumwuliza kinachomsumbua kwanza ni nini akiingia. Akataja vitu ambavyo hatukuviweka kabisa. Mng'ao wa taa kwenye vigae vilivyopigwa deki, ambao unamfanya aone sakafu kama ina mashimo ya mwanga. Na fomu: karatasi nyeupe pee, herufi ndogo, mwanga wa juu, hadi mistari inaanza kumezwa na weupe. Hivyo viwili kioo kinaviweza vizuri sana. Sasa ukipewa fomu katika sehemu ya kwanza, kipengele cha nne kinasomeka kwa taabu, na usipokisoma hutajaza.

Mmeto wenyewe tumeupitishia masikioni. Choki mbovu huvuma, na mvumo wake unafuata masafa yaleyale ya 100 au 120 kwa sekunde. Kioo kinashindwa, hedifoni hazishindwi. Mvumo upo toka mtazamaji anakaa, chini kabisa, na haukomi.

Februari, sauti

Fundi wa sauti alianza na wazo ambalo wengi wangeanza nalo: kupaza. Washauri walisikiliza dakika moja wakavua hedifoni. Tatizo lao halikuwa ukubwa wa sauti tu.

Toka Colin Cherry alipofanya majaribio yake ya mwaka 1953, imejulikana kwamba msikilizaji anaweza kushika sauti ya mtu mmoja katikati ya wengi na kuziacha nyingine zipite bila kujua zilisema nini. Wengi hufanya hivyo bila kufikiri. Mwaka 2017 Anna Remington na Jake Fairnie walionyesha jambo ninalolipenda: watu wazima wenye usonji walinasa sauti nyingi zaidi kuliko wenzao, zikiwamo zile ambazo hawakuambiwa wazisikilize. Ni uwezo mkubwa wa kupokea, ambao kwenye chumba kibaya unageuka mzigo.

Basi fundi akafanya kinyume cha kupaza: alisawazisha. Sauti ya mhudumu, zipu ya mkoba, mtangazaji wa televisheni, mguu wa kiti unaoburuzwa, mashine ya kukaushia mikono, vyote viko kwenye kiwango kimoja, chini ya kile kinachohesabiwa salama kwa kusikiliza muda mrefu. Hakuna cha mbele wala cha nyuma. Nilipoijaribu, namba 47 iliitwa nikaisikia vizuri kabisa, kama nilivyoisikia ile zipu, na sikuinuka. Ilikuwa yangu. Tiketi nilikuwa nimeishika mkononi.

Na mkwaruzo wa spika tumeuweka. Hatumwambii mtazamaji. Akitulia ataugundua mwenyewe, kwa kawaida katikati ya sehemu ya kwanza, na utaona bega linashuka kidogo: sasa anajua lini asikilize. Mwenye kibao anaita hiyo sehemu bora ya mradi mzima, na siwezi kumpinga.

Machi

Rasimu ya mchoraji ilikuwa na picha inayotikisika na kuzunguka mtu anapozidiwa. Imeondolewa yote. Picha ikisogea huku mwili umekaa, sikio la ndani na jicho vinapingana na mtu anapata kichefuchefu. Hicho ni kichefuchefu cha miwani. Mtazamaji akitapika atakwenda nyumbani akiamini kwamba usonji ndivyo ulivyo, na hakuna maelezo ya mwisho yatakayomtoa hapo. Kamera yetu haijongei. Mtazamaji amekaa kwenye kiti halisi, na kichwa chake tu ndicho kinachogeuka.

Jambo lingine, ambalo mtu angelitarajia: washauri wawili hawaivumilii miwani. Ni nzito upande wa mbele, mkanda unabana, sponji ya usoni ina joto na harufu. Wanakagua kila toleo kwenye skrini ya kawaida, pamoja na ramani ya chumba na orodha ya sauti kwa sekunde. Nadhani ukaguzi wao ni mzuri zaidi kwa ajili hiyo. Miwani inakumeza, karatasi inakuacha uone.

Machi, mwishoni

Tarehe 2 Aprili ni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Usonji. Umoja wa Mataifa uliipitisha mwishoni mwa 2007 na ikaadhimishwa mara ya kwanza 2008. Ofisi moja inayoshirikiana nasi imeomba kipande cha sekunde 90 cha kuonyesha siku hiyo. Wanataka sehemu ya kwanza peke yake, yenye mwisho mkali: mtu anashika kichwa, anapiga kelele, giza. "Watu wakumbuke," waliandika.

Watakachokumbuka ni mtu wa kuogopwa. Nimewajibu kwamba tunaweza kutoa sehemu ya pili peke yake, au ya kwanza na ya pili pamoja, lakini ya kwanza pekee haitoki. Barua zimekwenda na kurudi, nyingine hazikuwa za upole. Mwishowe wamechukua bango la picha mbili za chumba, kabla na baada, bila mtu yeyote ndani. Ni bango zuri, kwa kweli. Mtu anasimama mbele yake akitafuta tofauti, na anapozitafuta anazisoma zote.

Katika chumba kilichorekebishwa hakuna cha ajabu. Televisheni haina sauti na maandishi yanapita chini. Choki zimebadilishwa. Fomu iko kwenye karatasi yenye rangi hafifu na herufi kubwa. Viti viwili vimetenganishwa na vingine. Namba inaonekana kwenye kioo pamoja na kuitwa. Na kanuni moja mpya imebandikwa kaunta: unaweza kungoja nje, tutakutumia ujumbe wa simu zamu yako ikikaribia. Mtunza nyaraka anasema angeachia vingine vyote mradi hicho cha mwisho kibaki, maana kukizuia hakuna sababu yoyote zaidi ya mazoea.

Aprili, kaunta

Sehemu ya tatu ndiyo niliyokuwa nikiisubiri. Mtazamaji sasa ni mhudumu. Anaona watu wakija mmoja mmoja. Wa tatu ni mtu mwenye usonji, na mienendo yake imerekodiwa kutoka kwa mtunza nyaraka mwenyewe akiigiza siku yake ya kawaida.

Nyuma ya sehemu hii kuna tafiti tatu ambazo timu nzima imezisoma. Noah Sasson na wenzake (2017) waliwaonyesha watu vipande vifupi vya watu wazima wenye usonji na wasio nao. Kwa sekunde chache tu watazamaji waliwapa wenye usonji alama mbaya zaidi na hawakuwa tayari sana kuzungumza nao. Walipopewa maandishi tu ya yale waliyosema, bila sura wala sauti, tofauti ilitoweka. Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, alikuwa ameshaeleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: asiye na usonji naye anashindwa kumsoma mwenye usonji, ila yeye haandikiwi ripoti. Na Catherine Crompton na wenzake (2020) walipitisha hadithi kutoka mtu hadi mtu katika minyororo. Mnyororo wa watu wenye usonji pekee ulihifadhi habari sawa na ule wa wasio nao. Uliopoteza zaidi ni mnyororo mchanganyiko.

Kwa hiyo kaunta yetu inafanya kazi hivi. Mtazamaji anauliza swali kwa kubonyeza kitufe. Mteja hamtazami usoni. Anatazama ukingo wa kaunta. Jibu litatoka baada ya sekunde 8. Saa inayohesabu sekunde hizo haionekani popote. Mtazamaji akirudia swali, au akilibadilisha kwa maneno mengine "ili kumsaidia", hesabu inaanza upya kutoka sifuri. Akirudia tena, inaanza tena, na mkono wa mteja unashuka kwenye mshono wa suruali, kidole gumba kinasugua. Mtazamaji ameuona mkono huo. Katika sehemu ya kwanza ulikuwa wake.

Sekunde 8 za kimya kwenye kaunta ni ndefu kupita kiasi. Tulipojaribu wenyewe kwa wenyewe, hata mwandika programu, ambaye ndiye aliyeiweka saa, alibonyeza mara ya pili kabla haijaisha.

Akingoja, mteja anajibu kwa ukamilifu: tarehe, namba ya faili, jina la fomu iliyokosewa na kipengele gani. Mchoraji alidhani jibu limezidi kuwa refu. Mtunza nyaraka akasema hilo ndilo jibu alilolitoa, siku moja, kwa mhudumu aliyekuwa ameshageukia mtu mwingine.

Aprili, baadaye: mashine ya kukaushia mikono

Nyongeza iliyotokana na ubishi. Washauri wawili wanaichukia mashine hiyo. Mwenye kibao anaipenda. Huweka viganja juu yake ausikie mtetemo, na kama hakuna foleni husimama hapo muda. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa matatizo ya akili, toka 2013, unataja vyote viwili katika usonji: kuhisi kupita kiasi na kuhisi pungufu, pamoja na mvuto usio wa kawaida kwa baadhi ya hisi. Video nyingi za umma huchukua upande mmoja tu, ule wenye kelele.

Sasa sehemu ya kwanza ina mipangilio mitatu, mmoja kwa kila mshauri, na programu inachagua yenyewe. Kwa mwanafunzi, fomu ndiyo adui na spika haipewi uzito. Kwa mwenye kibao, mashine inapowaka mvumo wa taa unafunikwa na chumba kinatulia kwa muda, rangi zinarudi. Watu wawili wakitoka kwenye miwani na kusimuliana, hawatakubaliana walichokiona, na hiyo inatuokoa na maelezo marefu.

Mei, vipimo

Dodoso la awali, tulilolirithi na waraka, liliuliza: "Kwa kiwango gani umehisi huruma?" Nimelifuta. Alison Jane Martingano na wenzake walipochambua tafiti nyingi za uhalisia pepe pamoja (2021), walikuta kwamba unaongeza hisia za huruma lakini hauongezi ule uwezo wa kufikiri mambo kwa upande wa mwingine. Tukiuliza huruma tutaipata, tutashangilia, na hatutakuwa tumejifunza kitu. Mwaka huohuo Desiree Jones na wenzake walionyesha kwamba mafunzo ya kuukubali usonji yaliongeza maarifa na mitazamo inayosemwa waziwazi, ila upendeleo wa ndani, ule usiotamkwa, kwa sehemu kubwa haukutikisika. Hiyo ni mafunzo yaliyofanywa vizuri. Sisi tuna dakika chache.

Tunachopima ni vitendo vidogo. Kabla na baada, mshiriki anapewa ramani ya chumba na kalamu nyekundu: badilisha unachotaka. Baada ya sehemu ya tatu anakaa na mtu wa timu anayejibu polepole kwa makusudi, na tunaandika kama aliingilia. Kisha maswali ya wazi: ungemchukua afanye kazi nawe, ungempa kazi ipi, kwa nini.

Kuna pia kundi la kulinganisha, ambalo limezua mjadala mkali kuliko nilivyodhani. Hao hawavai miwani. Wanasoma kurasa mbili walizoandika washauri na wanatazama chumba kilichorekebishwa kwenye skrini ya kawaida. Mwenzetu wa teknolojia anaona tunajichimbia kaburi. Mimi naona ndilo swali pekee ambalo mfadhili anapaswa kutuuliza.

Juni, majaribio na wahudumu

Mahali hapatajwi, kwa makubaliano.

Kwenye ramani za awali, karibu kila mtu alikata televisheni kwanza. Taa waligusa wachache. Kanuni ya foleni hakuna aliyeigusa. Nadhani kwa sababu haikuchorwa, na mtu hubadilisha anachokiona. Baada ya miwani, kalamu ilihama. Mhudumu mmoja wa miaka mingi alivua, akakaa kimya, kisha hakuuliza lolote kuhusu usonji. Aliuliza: "Hii ya mtu akitoka namba inapita, nani aliamua?" Wakaanza kubishana wao kwa wao. Hakuna aliyejua. Haikuandikwa popote.

Wengine hawakufika huko. Mlinzi mmoja alisema sasa anajua wanavyojisikia, na alisema kwa nia njema kabisa. Mwenzake aliyepata mpangilio wa mashine ya kukaushia mikono akamwambia, "Mbona mimi nilipumzika?" Niliwaacha.

Mwalimu mmoja aliandika kwenye dodoso "pole yao" na hakubadilisha chochote kwenye ramani. Hiyo nayo ni data.

Saa ya sekunde 8 imefanya kazi kuliko sehemu nyingine zote. Wengi walibonyeza mara tatu au nne kabla ya kuelewa. Walipoelewa, baadhi walicheka kwa aibu, na mmoja alikasirika kwelikweli: akasema ana watu 60 kwenye foleni na hana sekunde 8. Nilipomwonyesha kwamba kubonyeza mara nne kulimgharimu muda mrefu kuliko kungoja mara moja, alikaa akapiga hesabu kwenye nyuma ya dodoso. Ameomba nakala ya sehemu hiyo peke yake, atumie kufundishia wapya.

Julai

Ofisi tuliyojaribia imeanza kuruhusu watu wangoje nje na kuitwa kwa ujumbe wa simu. Waliianzisha wenyewe, kwa kila mteja, bila kutaja usonji, na wazee na wenye watoto wachanga ndio wanaoitumia zaidi. Choki za taa hazijabadilishwa. Zimo kwenye fungu la idara nyingine.

Yaliyobaki kabla ya toleo la umma: kurekodi upya sauti za washauri watatu mwishoni, kila mmoja kwa namna anavyozungumza, kibao kikiwamo, kuweka onyo la mwanzo na kitufe cha kutoka kinachofikika bila kutafuta, toleo la skrini ya kawaida kwa wasioivumilia miwani. Mfadhili ameuliza kama tunaweza kuongeza mandhari ya shule. Washauri wamesema ndiyo, lakini wachague chumba wao.

Kundi la kulinganisha litakamilika baada ya likizo. Nimeshaandika pendekezo na kuliambatisha kwenye bajeti: kama kurasa mbili na skrini vitafanya kazi sawa na miwani, fedha ya kununulia miwani zaidi ihamishiwe kwenye choki.